Azimio la 1789 lilikuzwa na wale ambao halikuwataja

Azimio la Haki za Binadamu na za Raia, lililopitishwa na Bunge la Ufaransa huko Versailles Agosti 26, 1789, lina ibara 17 tu. Mtu anaweza kulisoma lote kabla chai yake haijapoa. Ibara ya kwanza inatamka kwamba watu huzaliwa wakiwa huru na sawa katika haki, na hubaki hivyo. Ibara ya mwisho inatamka kwamba mali ni haki takatifu isiyoguswa, na hakuna wa kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa hitaji la umma lililothibitishwa kisheria, tena baada ya kulipwa kwanza fidia ya haki.

Sasa zipeleke ibara hizo mbili Saint-Domingue, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi ambalo leo ni Haiti. Mwaka huo huo watu karibu nusu milioni walikuwa watumwa huko. Kwa kuwa ni watu, ibara ya kwanza ni yao. Kwa kuwa wameandikwa kwenye daftari za mashamba ya miwa pamoja na nyumbu na mitambo ya kusagia, ibara ya 17 ni ya mabwana zao. Wajumbe wa Versailles waliijua hesabu hiyo vizuri, maana baadhi yao walikula matunda yake. Walinyamaza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba sifa tunazolipa Azimio hilo leo haziwastahili sana waliolitunga. Wanaozistahili ni watu ambao halikuwataja, waliolichukua kama lilivyoandikwa na kulidai kwa gharama ya maisha yao.

Tuangalie kwanza lilikotoka. Shuleni tulifundishwa kwa mpangilio unaopendeza: wanafalsafa wakaandika, watu wakasoma, mapinduzi yakatokea. Mikono ya wanafalsafa inaonekana kweli. Ibara ya 6, inayosema sheria ni kauli ya utashi wa watu wote, ina harufu ya Rousseau. Ibara ya 16, inayosema jamii isiyotenganisha mamlaka haina katiba, ni ya Montesquieu mtupu. Nyuma yao kuna Locke na haki zake za asili. Lakini mawazo hayo yalikuwa yamezunguka Ulaya kwa miongo mingi na mfalme akalala usingizi wake. Kilichomwamsha Louis XVI ni hazina tupu. Serikali yake ilikuwa imekopa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya deni ilitokana na vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Makabaila na kanisa walikuwa na misamaha ya kodi ambayo hawakuwa tayari kuiachia. Mavuno ya 1788 yakaharibika, bei ya mkate ikapaa. Ndipo mfalme akaliita Baraza la Matabaka Matatu, ambalo lilikuwa halijakutana tangu 1614.

Lilifunguliwa Mei 5, 1789. Juni 17 wajumbe wa tabaka la tatu, yaani wote wasio mapadri wala makabaila, walijitangaza kuwa Bunge la Taifa. Julai 14 watu wa Paris waliiteka ngome ya Bastille. Vijijini wakulima walizivamia nyumba za makabaila na kuchoma hati za madeni na utumishi, na usiku wa Agosti 4 Bunge likafuta upendeleo wa kikabaila, kwa hofu kama si kwa huruma. Azimio lilifuata baada ya wiki tatu. Aliyeyasikia malalamiko ya miaka ile akilisoma anakuta kila ibara ina kidonda chake.

Ibara ya 7, kwa mfano, inakataza mtu kukamatwa au kufungwa nje ya sheria. Iliandikwa na watu waliokuwa wakijua kwamba barua moja yenye muhuri wa mfalme ilitosha kumpoteza mtu gerezani bila kesi. Mirabeau, aliyeongoza kamati ya watu watano ya kuandaa rasimu, alikuwa amefungwa miaka mitatu katika ngome ya Vincennes kwa barua ya aina hiyo. Ibara ya 10, inayolinda maoni ya mtu yakiwemo ya dini, ina nyuma yake Jean Calas wa Toulouse, mfanyabiashara Mprotestanti aliyeuawa na mahakama mwaka 1762 kwa tuhuma ya kumuua mwanawe, kisha hukumu ikafutwa miaka mitatu baadaye akiwa kaburini. Rabaut Saint-Étienne, mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Nîmes aliyekuwa mjumbe, aliliambia Bunge kwamba hakuja kuomba kuvumiliwa, alikuja kudai uhuru. Alipewa nusu: mtu asisumbuliwe kwa maoni yake, mradi kuyadhihirisha kusivuruge utulivu uliowekwa na sheria. Sharti hilo dogo la mwisho limezaa watoto wengi duniani, nasi tutakutana na mmoja wao huko mbele.

Ibara ya 13 na ya 14 ni za kodi: igawanywe kwa uwezo wa kila mtu, na wananchi wairidhie. Ninayoipenda zaidi ni ya 15, ambayo hainukuliwi mara nyingi. Inasema jamii ina haki ya kumdai kila mtumishi wa umma hesabu ya kazi yake. Nadhani haipendwi kwa sababu ni rahisi kuipima.

Kuna ugomvi wa zamani wa wasomi kuhusu nani alimwiga nani. Mwaka 1895 mwanasheria Mjerumani Georg Jellinek alidai kwamba Wafaransa walinakili matamko ya majimbo ya Marekani, hasa lile la Virginia la Juni 1776. Msomi Mfaransa Émile Boutmy akamjibu kwa niaba ya fahari ya Ufaransa. Ushahidi upo kwa pande zote mbili: Lafayette, aliyewasilisha rasimu ya kwanza Julai 11, 1789, alikuwa amepigana vita vya Marekani, na rasimu yake aliipitia pamoja na Thomas Jefferson, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani mjini Paris. Kwangu ugomvi huo unachosha. Kinachonivutia ni kwamba George Mason, aliyeandika tamko la Virginia, na Jefferson mwenyewe, wote walimiliki watumwa. Mawazo yalivuka bahari ya Atlantiki pamoja na kimya chake.

Jambo jingine lililogawa Bunge ni wajibu. Mapadri wengi, akiwemo Grégoire, walitaka haki ziambatane na orodha ya wajibu wa raia. Hoja hiyo ilipigiwa kura Agosti 4 na kushindwa kwa kura 570 dhidi ya 433. Waliokataa waliona kwamba mtawala hajawahi kusahau kumkumbusha mtu wajibu wake. Mwaka 1795, mapinduzi yalipochoka na matajiri kushika usukani, wajibu ulirudishwa katika azimio jipya. Mjadala huo ulifika hadi Nairobi, ambako Juni 1981 wakuu wa nchi za Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Nao una sura nzima ya wajibu. Watetezi wake husema ndiyo desturi yetu Waafrika, na kwa kiasi wana haki. Lakini wabunge 433 wa Versailles hawakuwa Waafrika.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba Azimio halikukamilika. Wajumbe walisimama kwenye ibara ya 17, iliyopendekezwa na mjumbe Adrien Duport dakika za mwisho, wakaahidiana kuendelea katiba ikiisha, na hawakuendelea. Mfalme naye alikataa kuliridhia kwa zaidi ya mwezi. Aliliridhia Oktoba 5, siku ambayo maelfu ya wanawake wa Paris walitembea hadi Versailles kudai mkate. Basi ni miguu ya wanawake iliyolifikisha Azimio kwenye meza ya mfalme, na wanawake hawakuwamo. Hawakuwamo pia watumishi wa majumbani wala maskini: mjumbe Sieyès aliwagawa raia katika walio hai kisiasa na waliopoa, na haki ya kupiga kura ikawekewa sharti la kodi yenye thamani ya ujira wa siku tatu. Mwandishi Olympe de Gouges aliandika azimio lake la wanawake mwaka 1791, akifuata lile la wanaume ibara kwa ibara, akasema mwanamke mwenye haki ya kupandishwa jukwaa la kunyongwa awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Alikatwa kichwa Novemba 3, 1793. Wanawake wa Ufaransa walipewa kura kwa amri ya Aprili 1944.

Hapo ndipo nirudi kwenye ibara ya 17, kwa sababu sisi wa pwani hii tuna sehemu yetu ndani yake. Septemba 14, 1776, miezi michache baada ya tamko la Virginia, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastra 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, na piastra mbili za ziada kwa Sultani kwa kila mmoja. Walipelekwa visiwa vya Ufaransa, Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Azimio lilipotangazwa, zaidi ya robo tatu ya wakazi wa Île de France walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wamevushwa kutoka Msumbiji, Kilwa na Madagascar. Huwa tunasimulia biashara ile kana kwamba ni habari ya Waarabu na Zanzibar peke yake. Mteja mkubwa wa Kilwa miaka ile aliishi chini ya bendera ambayo muda si mrefu ingeandikwa uhuru na usawa.

Na mteja huyo hakubadilika kwa kusomewa Azimio. Mwaka 1796 serikali ya Paris ilituma mawakala wawili, Baco na Burnel, kwenda Île de France kutekeleza sheria ya kufuta utumwa. Walowezi waliwapakia melini ndani ya siku chache na kuwafukuza. Mashamba yakaendelea.

Saint-Domingue ilikwenda njia nyingine, na si kwa sababu Paris iliipenda zaidi. Wa kwanza kulitumia Azimio kama silaha walikuwa machotara huru wenye mali, kina Julien Raimond na Vincent Ogé. Tusiwapambe: wao wenyewe walimiliki watumwa, na walichodai ni usawa na weupe wenye mali kama wao. Hata hilo lilikuwa kubwa mno. Wamiliki wa mashamba walikuwa na klabu yao Paris ya kushawishi wabunge, na koloni lilikuwa chimbuko la sukari na kahawa iliyotajirisha Bordeaux na Nantes. Ogé alirudi kisiwani, akaanzisha uasi mdogo, akakamatwa, na Februari 1791 akauawa hadharani Cap-Français kwa kuvunjwa mifupa kwenye gurudumu. Mei mwaka huo Bunge, lile lile la Azimio, liliahidi kwamba halitatunga sheria yoyote kuhusu hali ya watu wasio huru mpaka mabaraza ya makoloni yaombe. Kwa maneno mengine, mtumwa atafunguliwa bwana wake akitaka.

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 1791, watumwa wa uwanda wa kaskazini walichoma mashamba. Hawakungoja ibara. Walikuwa na sababu zao, imani zao, viongozi wao, na wengi walikuwa wamezaliwa Afrika na kuzoea vita. Sikubaliani na wanaosema Haiti ilizaliwa na Azimio, kana kwamba mtu aliyepigwa mjeledi anahitaji karatasi ya Kifaransa ndipo ajue kwamba anaumia. Ila vita ile ililifanyia Azimio jambo ambalo Bunge lilishindwa. Mwaka 1793 kamishna wa Ufaransa Léger-Félicité Sonthonax alikuwa amezingirwa: Wahispania upande mmoja, Waingereza wanakuja, wazungu wa koloni wakiwa wasaliti. Alihitaji askari, na askari pekee waliokuwepo ni waasi. Agosti 29 alitangaza kuwaachia huru watumwa wa kaskazini. Tangazo lake lilianza na maneno ya ibara ya kwanza, na likaamuru Azimio lichapishwe na kubandikwa kila mahali panapohitajika. Ilichukua miaka minne, na maelfu ya maiti, sentensi moja kufika ilikosema imefika tayari.

Februari 4, 1794, mbele ya wajumbe wapya wa kisiwa hicho, akiwemo Jean-Baptiste Belley, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, bunge la Paris lilifuta utumwa katika makoloni yote bila kumlipa bwana yeyote hata senti. Ni wakati pekee ambapo ibara ya kwanza iliishinda ya 17 moja kwa moja. Haikudumu. Mei 1802 Napoleon alirudisha utumwa. Toussaint Louverture, kiongozi wa waliokuwa watumwa wa Saint-Domingue, alikufa Aprili 1803 akiwa mfungwa kwenye baridi ya ngome ya Joux huko Ufaransa. Wenzake walilishinda jeshi la Napoleon, na Januari 1, 1804 Haiti ikawa huru.

Halafu ikaja bili. Mwaka 1825 Ufaransa, ikiwa na meli za kivita bandarini, iliilazimisha Haiti kulipa faranga milioni 150 kama fidia kwa waliokuwa wamiliki. Baadaye zilipunguzwa kuwa milioni 90. Fidia ya haki kwa mali iliyochukuliwa: ndiyo mantiki ya ibara ya 17, ila hapa iliyochukuliwa ilikuwa miili ya walipaji wenyewe. Utumwa ulipofutwa tena mwaka 1848, Réunion ikiwemo, mabwana walilipwa na watumwa hawakulipwa. Waingereza walifanya vivyo hivyo Mauritius.

Wakosoaji wa Azimio walikuwepo tangu mwanzo. Burke wa Uingereza aliona haki za kufikirika ni hatari kwa mila zilizorithiwa. Papa Pius VI alililaani Machi 1791. Mwanafalsafa Mwingereza Bentham alizicheka haki za asili kuwa upuuzi. Marx aliandika mwaka 1844 kwamba binadamu anayelindwa humo ni mwenye mali aliyejitenga na wenzake, na kwa maandishi yenyewe naona yeye ndiye aliyepiga karibu na shabaha. Alichokosa ni kwamba maandishi yakishatoka hayana tena mwenyewe. Antonio Nariño alilitafsiri na kulichapa kwa siri Bogotá mwishoni mwa 1793. Wahispania walimhukumu kifungo cha miaka kumi kwa karatasi hiyo, na leo Colombia inamhesabu miongoni mwa waasisi wake. Septemba 2, 1945, Ho Chi Minh alisimama Hanoi kutangaza uhuru wa Vietnam, akaanza na tamko la Marekani la 1776 na lile la Ufaransa. Wafaransa walimjibu kwa vita vya miaka minane.

Mwaka 1948, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa tamko lake, Hansa Mehta wa India ndiye aliyesimama imara ili ibara ya kwanza itaje binadamu wote badala ya wanaume. Tamko lilipita Paris Desemba 10 kwa kura 48, nchi nane zikijizuia, Afrika Kusini ya makaburu ikiwa mojawapo. Sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na kiti ukumbini. Ufaransa yenyewe ilikawia: ni Julai 1971 ndipo Baraza lake la Katiba lilipolitambua Azimio la 1789 kuwa sheria inayoweza kubatilisha sheria ya bunge.

Sentensi ile ya ibara ya kwanza imefika hadi kwetu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya 2006 inayo katika ibara ya 11. Ya Tanzania inayo katika ibara ya 12: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshafungua na imani kwamba binadamu wote ni sawa, lakini imani ya chama huwezi kuipeleka mahakamani. Serikali ya Tanganyika ilikataa kuweka sura ya haki katika katiba ya uhuru ya 1961, na sura hiyo iliingia kwa marekebisho ya 1984 tu, utekelezaji wake mahakamani ukaahirishwa hadi Machi 1988. Ilikuja na masharti yake ya kulinda utulivu na maslahi ya umma, jamaa wa lile sharti alilowekewa Rabaut. Kisha mwaka 1994 ikatungwa sheria ya utekelezaji wa haki za msingi na wajibu. Wajibu tena.

Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2020. Marekebisho hayo yalimtaka anayefungua shauri aape kwamba ukiukwaji anaoulalamikia umemgusa yeye binafsi. Serikali ilikuwa na hoja: mahakama zisijazwe na wanaharakati wa kila jambo. Lakini kwa kipimo hicho padri Grégoire, aliyewasemea Wayahudi wa Alsace na weusi wa Saint-Domingue, angerudishwa mlangoni, maana hakuwa Myahudi wala mtumwa. Mwenye sifa ya kuingia angekuwa yule aliye shambani kwenye miwa, asiye na wakili, na asiyeruhusiwa kutoka shambani.